Nyumba ya pedali: kazi ya mguu na kazi ya jua

Kila baada ya miezi michache video ya aina moja hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mzungu mwenye ndevu anaendesha baiskeli ya matairi matatu, nyuma yake kuna kibanda cheupe chenye dirisha, kitanda, taa na jiko. Anasimama ufukweni, anafungua kimeza, anachemsha kahawa. Halafu maoni yanaanza. Mmoja anasema huyu kamalizana na wenye nyumba. Wa pili anauliza, maguta si tunayo, hizi baiskeli za mizigo za matairi matatu, tunangoja nini? Wa tatu, na huyu huwa hakosekani, anatufahamisha kwamba ukifunga dainamo kwenye kila gurudumu betri haiishi maisha, ila "wakubwa" hawataki tujue.

Mimi nilikuwa yule wa pili. Nililivalia njuga jambo hili kiasi cha kuazima guta la jirani yangu muuza maji na kulisukuma hadi kwa mnunua chuma chakavu nilipime. Mwenye mizani akadhani nauza, akaanza kunitajia bei. Kilo 67, guta tupu. Nilibaki nimesimama nikiitazama ile namba, maana mimi mwenyewe nina kilo 65, na nyumba ilikuwa bado haijaanza kujengwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikipiga hesabu, na naona mkanganyiko karibu wote unatoka sehemu moja: watu wanautwisha mguu kazi ya jua, na jua wanalitwisha kazi ya moto. Ukizitenganisha kazi hizo tatu, nyumba ya pedali inajengeka. Ukizichanganya, utatengeneza guta zito lililoegeshwa uani likifugiwa kuku.

Tuelewane maneno kwanza. Kuishi nje ya gridi ni kuishi bila kutegemea waya wa Gridi ya Taifa. Wengi huingiza humo humo bomba la maji na kodi ya nyumba. Nyumba ya pedali ni chumba kidogo cha kulala kilicho juu ya magurudumu na kinachosukumwa kwa miguu, ama guta lenye kibanda, ama baiskeli inayovuta tela. Neno linalosumbua ni wati. Fikiria bomba na ndoo. Wati ni kasi ya maji yanavyotoka bombani, yawe yanabubujika au yanadondoka. Wati-saa ni maji ambayo tayari yamo kwenye ndoo. Taa ya wati 5 ikiwaka kwa saa 5 imekula wati-saa 25. Na wati-saa 1,000 ndiyo yuniti moja unayonunua kwenye LUKU, au tokeni kama wasemavyo ndugu zetu wa Kenya.

Sasa, mguu una wati ngapi? Mtu mzima mwenye afya njema, asiye mwanariadha, akipiga pedali kwa mwendo ambao bado anaweza kuzungumza, anatoa kati ya wati 75 na 100, na anaweza kuendelea hivyo kwa saa kadhaa. Bingwa wa mbio za baiskeli hufika 300, hata 400, kwa muda wa saa moja hivi. Tuchukue 100, namba nyepesi kuhesabu na yenye heshima kwetu sote.

Wati 100 kwa saa 10 ni yuniti moja. Soma tena hapo. Umeamka alfajiri, umepiga pedali hadi jioni, umetengeneza umeme ambao kwa mteja wa kawaida wa Tanzania ni shilingi 350 hivi. Wala hukuupata bure. Mwili unageuza kama robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, zilizobaki zinatoka kama joto na jasho. Yuniti moja ya miguu inadai kalori 3,400 hivi juu ya zile unazokula kila siku, ambazo ni karibu kilo nzima ya unga wa sembe. Nenda dukani kwa Mangi uulize kilo ni shilingi ngapi, kisha ulinganishe na ile 350.

Chukua na birika la umeme, lile la kawaida la wati 2,000. Kuliendesha kwa miguu unahitaji watu 20 wanaopiga pedali kwa pamoja, kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani. Lita moja ya maji ikichemka imekula karibu wati-saa 100, yaani saa yako nzima ya jasho kwa vikombe vinne vya chai. Ndiyo maana yule Mzungu wa kwenye video, ukimtazama vizuri, anachemsha kahawa yake kwa gesi.

Lakini nguvu ya mguu ikienda moja kwa moja kwenye gurudumu, au kwenye panga la ndege, inafanya mambo makubwa. Tarehe 12 Juni 1979 Mmarekani Bryan Allen alivuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa ndege ya pedali, Gossamer Albatross, akakaa angani saa 2 na dakika 49. Kijana alikuwa na mapafu, hilo halina ubishi, ila angalia ndege yenyewe: kilo 32. Haikufika hata nusu ya guta la jirani yangu.

Uzito ndio kila kitu

Chukua kilo 200, mtu na nyumba yake vikiwa pamoja. Kwenye lami tambarare, tairi zimejaa upepo sawasawa, hewa imetulia, wati 100 zitakupeleka kama kilomita 12 kwa saa. Si haba, ndani ya saa 5 umemaliza kilomita 60. Ingia barabara ya vumbi yenye mchanga na mwendo unashuka hadi kilomita 4 au 5. Panda kilima cha kawaida tu, kinachoinuka mita 5 kwa kila mita 100 za barabara, na hutafikisha hata kilomita 4 kwa saa. Mama aliyejitwika sinia la ndizi atakukuta, atakusalimia, atakupita.

Hapo mtu anasema, weka giya. Giya zinasaidia, ila si kwa namna inayodhaniwa. Una gunia la mahindi la debe 6 la kupandisha ghorofani. Huwezi kulibeba lote kwa mkupuo, lakini debe moja moja unaweza, ukipanda ngazi mara sita. Mahindi hayajapungua, na jumla ya kazi ni ile ile. Giya nyepesi inakugawia mlima kwa madebe: mguu unazunguka mara nyingi zaidi, kila mzunguko unadai nguvu kidogo, na wewe unakwenda polepole zaidi. Haiongezi hata wati moja. Bila giya kabisa, kama maguta yetu mengi yalivyo, unalazimika kubeba gunia zima, na goti ndilo linalolipa.

Goma na vijiji vinavyouzunguka, mashariki mwa Kongo, wana jibu lao la siku nyingi. Chukudu ni chombo cha mbao, mara nyingi mkaratusi, chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Hubeba mamia ya kilo za viazi na mkaa. Hakina pedali wala mnyororo: kwenye mteremko unapanda, kwenye mlima unashuka na kusukuma. Mwenye nyumba ya pedali naye atashuka kusukuma mara nyingi kuliko anavyoonyesha mtandaoni. Video huanza pale barabara inapokuwa tambarare.

Upepo nao uhesabu. Kibanda cha wima ni tanga usiloweza kulishusha. Ukitoka Dar kwenda Bagamoyo wakati wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni na unajiona bingwa. Kurudi ni habari nyingine. Upepo wa kilomita 18 kwa saa ukikupiga usoni unaweza kukushusha kutoka kilomita 12 hadi 5 barabara ile ile, mguu ule ule. Wavuvi wa pwani wamejua siku zote kwamba safari hupangwa na msimu, na mwenye kibanda cha magurudumu itabidi ajifunze kwao.

Kuna jambo moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza: kushuka. Kilo 200 zikishuka mlima wenye kimo cha mita 100, nishati yote uliyoipandisha kwa jasho inabidi iishie mahali, na mahali penyewe ni breki. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya nusu lita ya maji. Lielekeze kwenye vile vipande viwili vya mpira vinavyobana rimu: mpira unalainika, rimu inapata moto, tyubu inapasuka, nawe uko kwenye mteremko mkali wa Kitonga na lori la kontena nyuma yako. Nyumba ya pedali ijengwe na breki za diski au za ngoma, kwenye zaidi ya gurudumu moja, na breki ya kuegesha juu yake. Fundi akikuambia "hii ya kawaida inatosha", mwombe ashuke nayo yeye kwanza.

Umeme wa nyumba ni wa jua

Paneli ya sola ya wati 100 ina uzito wa kilo 7 hivi ikiwa ya kioo. Ukanda wa Dar unapata jua kamili la kama saa 5 kwa siku, kwa hiyo ukitoa kinachopotea paneli hiyo inakupa karibu wati-saa 400. Ukitaka kupata kiasi hicho kwa jenereta ya pedali, ambayo hufikisha kwenye betri kama wati 70 kati ya 100 ulizotoa, unapiga pedali karibu saa 6 ukiwa umesimama pale pale. Paneli inafanya kazi hiyo wewe ukiwa umelala chini ya mwembe, na haili sembe.

Wati-saa 400 ni nyingi kwa anayejibana. Taa mbili jioni nzima ni 50. Simu moja hula kama 15. Kompyuta mpakato 60. Feni ndogo ya wati 15 usiku kucha ni 120, na mtu wa pwani feni haijadili. Jumla haifiki 250, kilichobaki ni akiba ya siku ya mawingu. Friji itakula zote peke yake. Achana nayo, nunua samaki wa kula leo.

Betri isikudanganye kwa bei. Ile ya maji ya asidi ya volti 12, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoubeba), ina kilo karibu 30, na ukitaka idumu unatumia nusu tu ya ilichobeba. Ya lithiamu aina ya fosfeti, nusu ya ukubwa huo, inakupa takriban kiasi kile kile kwa kilo 6 au 7. Ni ghali, lakini kwenye nyumba inayosukumwa na goti kilo 23 si mchezo.

Kama unadhani haya ni mapya, mwaka 1983 Mmarekani Steven Roberts aliondoka Columbus, Ohio, juu ya baiskeli ya kuegemea aliyoifunga kompyuta na paneli za jua, akawa anaishi kwa kuandika makala njiani. Miguu ilisukuma, jua liliendesha mitambo. Alizunguka Marekani zaidi ya kilomita 25,000. Baiskeli yake ya baadaye, BEHEMOTH, ilifika kilo 263 pamoja na tela lake, ikawa na giya 105. Jina hilo ni ufupisho alioubuni mwenyewe, na maneno yake ya mwisho yanakiri kwamba mashine ni nzito mno.

Turudi kwa rafiki yetu wa dainamo. Dainamo tunaijua, ile ya Phoenix ya babu inayosugua tairi na kuwasha taa usiku. Ilikuwa ya wati 3, na aliyeiendesha anakumbuka jinsi baiskeli ilivyokuwa nzito mara tu ukiibonyeza. Uzito ule ndio bei ya mwanga. Sasa mtu anataka mota iendeshe gurudumu, gurudumu lizungushe dainamo, dainamo ijaze betri, betri iendeshe mota. Ni sawa na kuchota maji chini ya simtanki kwa kata, kuyarudisha juu, na kutegemea tanki lijae, huku simtanki linavuja na kata ina tundu. Kila hatua inamwaga kidogo. Kuna mota zinazorudisha umeme kwenye betri unaposhuka mlima, na hizo ni za kweli, lakini zinarudisha sehemu tu ya ulichotumia kupanda.

Kosa dogo la ukoo huo huo ni kutoa mnyororo, kuzungusha jenereta kwa pedali, kisha kupeleka umeme kwenye mota ya gurudumu. Kwenye mchoro inapendeza. Mnyororo uliopakwa mafuta hufikisha vibaba 9 na ushee kati ya 10 ulivyopima; njia ya jenereta, betri na mota hufikisha 5 au 6 tu. Baki na mnyororo. Ukitaka msaada wa umeme, weka mota ndogo pembeni na uilishe kwa paneli: wati-saa 400 za siku moja, zikienda zote kwenye gurudumu, zinaweza kukusogeza kama kilomita 40 za lami tambarare kwa mwendo wa pole. Siku hiyo feni ipumzike.

Kinachokufunga ni maji. Mtu mmoja akijibana anamaliza dumu la lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua kidogo. Watu wawili kwa siku mbili ni madumu manne, kilo 80. Hakuna paneli ya kuyatengeneza wala goti la kuyabeba kila siku, kwa hiyo uhuru wa nyumba ya pedali una urefu unaopimika: ni umbali wa kutoka kisima kimoja hadi kingine. Choo ni rahisi kuliko watu wanavyohofia, ndoo yenye kifuniko na vumbi la mbao au majivu. Kupika ni mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 3, na upikie nje. Jiko la mkaa lisiingie kibandani hata kama mvua inanyesha, hata kama limebaki makaa mawili. Moshi ule usioonekana hauna harufu, na katika chumba cha ukubwa wa kitanda unaua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu kujenga, nisikilize kwenye hili hata kama umeruka mengine. Kibanda cha urefu wa mita 2, upana mita 1 na kimo mita 1.2 kina nyuso za jumla ya mita za mraba 11 hivi. Kikijengwa kwa plaiwudi ya milimita 12, ambayo ndiyo fundi atakupendekezea, ni karibu kilo 80. Kwa plaiwudi ya milimita 4 ni chini ya 30. Kwa turubai la lori ni kama 7, ukiacha fremu. Mimi ningeweka plaiwudi sakafuni, na kuta za zile plastiki zenye matundu katikati zinazotumika kwenye mabango; hazioti kutu, hazinywi maji, unazikata kwa wembe. Dirisha pande zote mbili, wavu wa mbu, paneli ikae juu ya paa na nafasi ya kiganja katikati ili hewa ipite, la sivyo Januari utaokwa humo ndani. Fremu iwe ya skwea paipu ya inchi moja, nyembamba. Mafundi wetu wa kuchomelea wana desturi ya kuongeza chuma kila wanapotilia shaka kiungo, kwa nia njema kabisa, na jioni unakabidhiwa geti la kiwanda lenye pedali. Simama naye.

Magurudumu yawe ya saizi iliyozoeleka, 26 au 28, spoki na tairi ambazo fundi wa chini ya mti pale Chalinze anazo kwenye kopo. Matairi ya kigeni ya saizi za ajabu yanapendeza hadi siku yanapopasuka.

Kati ya guta na tela, naegemea tela. Baiskeli na fremu ya tela zinaweza kukaa kwenye kilo 40, wakati guta limeshakula 67 kabla hujaweka mto. Na ukifika, unafungua tela, unalifunga kwa mnyororo kwenye mti, unachukua baiskeli tupu kwenda kutafuta maji na mboga. Mwenye guta huenda sokoni na chumba chake cha kulala. Faida ya guta ni kwamba halianguki unapopanda polepole. Jihadhari nalo kwenye kona tu, maana kibanda kirefu juu ya magurudumu yaliyobanana hupinduka hata kwa mwendo wa kawaida.

Kabla ya kukata bomba la kwanza, azima guta, pakia madumu matatu yaliyojaa na begi la kilo 8. Ukikalia kiti, kwa mtu wa uzito wangu, hizo ni kilo 200 kamili. Endesha siku nzima barabara unayoifikiria, mchanga na vilima vikiwemo, lala, kesho yake urudi nalo. Mimi nilifanya hivyo na guta la jirani. Nilifika, na nilirudi, ila nilirudi na madumu mawili: la tatu nilikuwa nimelimwaga katikati ya kilima cha pili, nikiyatazama maji yakitiririka kurudi nilikotoka. Jirani alinidai mia tano yake ya maji.